Kijana wa Songwa na kazi ya uwindaji

Kijana wa Songwa, wilayani Kishapu, aliyekua akichunga ng'ombe anajua kusoma nyayo. Anajua pia kuwa mnyama huinusa harufu ya mtu kabla hajamwona. Huo ni mtaji. Kwa bahati mbaya wapo wanaoutumia kutega waya, na mwisho wao ni mahakamani, kwani Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka leseni hata kwa swala mmoja.

Njia halali ipo, ingawa ni ndefu. Mwanza kuna Taasisi ya Taaluma ya Wanyamapori Pasiansi, inayofundisha askari wa wanyamapori. Chuo cha Mweka, Kilimanjaro, kilianzishwa mwaka 1963. Lakini cheti peke yake hakimfanyi mtu kuwa mwindaji. Kazi yenyewe hujifunzwa porini, nyuma ya mwindaji bingwa: kupima upepo kwa majivu, kutofautisha dume mzee na dume kijana, kumfuata mnyama aliyejeruhiwa mpaka apatikane, hata kama jua limewaka na maji yamekwisha. Bunduki huja baadaye kabisa.

Kinachokosekana ni mlango wa kuingilia. Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori (TAWA) na kampuni zenye vitalu zingeweza kutenga kila msimu nafasi chache za wanagenzi kutoka vijiji vya Shinyanga na Simiyu, lilipo Pori la Akiba Maswa. Nafasi hizo ziwe za kufuata nyayo, si za kuosha vyombo kambini.