Kung'oa Taa ya Breki ni Kuficha Maradhi

WAPO miongoni mwetu watu wanaoamini kwamba ugonjwa huisha pale mgonjwa anapozibwa mdomo. Watu wa namna hiyo utawakuta katika kila njia ya magari nchini, na kule Ipililo, mkoani Simiyu, hawawezi kukosekana. Mwenye gari hununua pedi mpya za breki, huegesha gari uani kwake, hufungua magurudumu kwa spana ya kuazima na kuzibadilisha mwenyewe. Hapo hajakosa. Kujitegemea ni sifa, na gereji nzuri iko mbali. Kosa huanza pale awashapo gari akaona taa nyekundu ya breki haizimiki. Badala ya kuuliza taa inasema nini, hukata waya au hung'oa balbu, kisha akapakia abiria kwenda mnadani.

Tuambizane ukweli bila kuoneana haya: huo si ufundi. Ni kucheza na roho za watu.

Taa hiyo haina uchawi. Katika magari mengi sababu zake ni chache, na zote hupimika palepale uani. Huenda breki ya mkono haikushuka yote, au kamba yake ilikazwa mno wakati wa kazi ya magurudumu ya nyuma. Huenda mafuta ya breki yamepungua katika kikopo chake. Hapa mtu asiongeze tu akaondoka. Pedi zinapolika, mafuta hushuka kidogo kidogo. Lakini pedi mpya zikifungwa na pistoni zikarudishwa ndani, mafuta hupanda tena. Yakibaki chini, kuna mahali yanavuja, na mahali hapo hapana budi patafutwe. Na pedeli ikizama au ikilegea mguuni, upepo umeingia katika mabomba. Sharti utolewe, gurudumu baada ya gurudumu, mpaka mafuta yatoke bila povu. Taa ya njano ya ABS nayo, ikiwaka baada ya kazi kama hiyo, mara nyingi hulalamikia waya wa sensa ulioguswa karibu na gurudumu.

Wapo watakaotujibu: "Mbona gari linashika? Hiyo ni hitilafu ya umeme tu." Jibu hilo ni la hatari kuliko wanavyodhani. Magari ya leo yametengenezwa na njia mbili za mafuta ya breki, ili moja ikiharibika nyingine isaidie. Kwa hiyo gari lililopoteza nusu ya breki zake laweza bado kusimama polepole katika tambarare za Usukuma, na dereva akajipongeza. Siku kundi la ng'ombe, au mtoto wa shule, litakapokatiza barabara ghafla, ndipo atakapotafuta ile nusu nyingine asiione. Taa aliyoing'oa ndiyo iliyokuwa ikimwambia.

Taifa letu limekwisha kulipa gharama ya chombo kisichozuilika. Tarehe 24 Juni 2002, huko Igandu mkoani Dodoma, treni ya abiria ilirudi nyuma mteremkoni bila kuzuilika, ikagongana na treni ya mizigo. Watu 281 walipoteza maisha. Baada ya msiba huo, nani anaweza kusema kwamba breki ni jambo la kupuuzwa?

Basi, wajibu ni wetu sote. Mwenye gari asiyejua sababu ya taa kuwaka asitoke uani. Amwite fundi anayejua. Fundi anayeombwa kukata waya akatae, hata kama anakosa fedha ya siku hiyo. Wakaguzi wa magari nao waanze na jambo jepesi: ufunguo ukizungushwa kabla injini haijawaka, katika magari mengi taa ya breki huwaka kwanza. Isipoonekana kabisa, dereva na aeleze imekwenda wapi. Abiria aketiye mbele anaweza kufanya ukaguzi huohuo bila kulipa hata senti.

Wazee wetu walisema: mficha maradhi, kilio humfichua. Kujitegemea ndiyo, kujidanganya hapana. Na kilio cha barabarani, ndugu zangu, mara nyingi hakimwendei aliyeng'oa balbu. Humwendea mama aliyekuwa akimsubiri mwanawe arudi kutoka mnadani.