Wamekwisha Maliza Kifungo, Waachieni

Magereza kadhaa ya kale ya Marekani, yaliyokwisha kuondolewa wafungwa, siku hizi hufunguliwa upya jioni. Watu hulipa kiingilio, wakakabidhiwa jengo, wakakesha humo na tochi zao mpaka alfajiri wakisaka mizuka ya waliofia ndani. Ndivyo lilivyo gereza la Mansfield katika jimbo la Ohio, lililofunguliwa mwaka 1896 na kufungwa mwisho wa 1990, na ndivyo lilivyo gereza la Moundsville huko West Virginia, lililopokea wafungwa tangu 1876 hadi 1995. Televisheni imeikuza biashara hii, na picha zake zimevuka bahari hata vijana wetu wanazitazama kwenye simu, nao wanapenda, kwa kuwa hofu isiyo na hatari ni burudani rahisi. Ninayo hoja moja tu juu ya jambo hili. Nasema uwindaji wa mizuka gerezani ni kuendeleza kifungo. Mtu aliyehukumiwa miaka mitano, au hata kifungo cha maisha, hukumu yake hukoma siku anapokata roho. Anayekuja baadaye na kinasa sauti kumtafuta kwenye seli ileile, akamtaka ajibu kwa kugonga nondo zilezile, amemwongezea adhabu ambayo hakimu hakuitamka.

Tuvitazame kwanza vyombo vya wawindaji hawa, maana wenyewe huviita vya kisayansi. Wanacho kipimo cha nguvu ya sumaku, wanacho kipimajoto, na wanayo redio ndogo iliyotengenezwa irukeruke kutoka stesheni moja hadi nyingine bila kutulia. Kile kipimo cha sumaku ni chombo cha fundi wa umeme, na jengo la miaka mia lenye nyaya kuukuu halikosi kukitikisa. Redio inayokimbia juu ya stesheni lazima itapike vipande vya maneno, na sikio lililokaa gizani likisubiri jibu hulishona jibu lenyewe kwa vipande hivyo. Mwaka 1998 mhandisi Mwingereza, Vic Tandy, alichapisha maelezo ya maabara moja iliyosemekana kuwa na mzuka: watu walishikwa na ubaridi na unyonge usio na sababu, na yeye mwenyewe aliona kivuli cha kijivu pembeni mwa jicho. Alipochunguza aligundua feni iliyokuwa ikitoa mtetemo mzito wa takriban mara 19 kwa sekunde, ambao sikio haliupati ila mwili unaupokea. Feni ikarekebishwa, na mzuka ukahama. Huko Marekani kwenyewe mwanamazingaombwe James Randi na taasisi yake waliweka kwa miaka mingi zawadi ya dola milioni 1 kwa yeyote atakayethibitisha jambo la kimizuka chini ya masharti yaliyokubaliwa na pande zote mbili. Mpango huo ulisitishwa mwaka 2015, na fedha hazikupata mwenyewe.

Lakini sikusudii kukesha kwenye ubishi huo. Wako wasomaji wangu wengi wanaoamini kwamba roho haizikwi na mwili, na sitaki kumvunjia mtu imani yake. Ninachosema ni kwamba anayeamini ndiye mwenye sababu kubwa zaidi ya kuukataa mchezo huu. Mojawapo ya desturi za wawindaji hawa ni kumchokoza marehemu: humtukana, humwita mwoga, humkumbusha kosa lake, humwamuru afunge mlango au aguse taa kama kweli yupo. Ni mzee gani wa kwetu, Mwislamu, Mkristo au mwenye kufuata mila za wahenga, angemwacha mgeni asimame makaburini akafanya hivyo? Maiti haulizwi sanda, sembuse kuamriwa agonge ukuta. Na asiyeamini naye ana lake la kujibu, kwa sababu mateso yaliyotendeka humo ni ya kweli hata kama mzuka ni wa uongo, naye ananunua uongo uliobandikwa juu ya mateso ya mtu aliyekuwa na mama. Kwa hiyo, ukilipindua jambo hili upande wowote, halisimami.

Chukueni Moundsville. Gereza hilo liliwanyonga watu 85 kati ya 1899 na 1949, kisha likawaua wengine 9 kwa kiti cha umeme, kiti kilichoundwa na mfungwa mmojawapo. Mpaka mwaka 1931 raia waliruhusiwa kuja kutazama kunyongwa. Mwaka huo kamba ilimkata mtu kichwa mbele ya watazamaji, na mlango ukafungwa. West Virginia ilifuta adhabu ya kifo mwaka 1965, ikaonekana kwamba umma umeachana na maonyesho hayo. Leo watazamaji wamerudi, wanalipa, na kiti kipo wanaonyeshwa. Sasa angalieni kile wasichokijia. Seli za gereza lile zilikuwa za futi 5 kwa 7, na msongamano ulipozidi wafungwa waliwekwa watatu watatu, wa tatu akilala juu ya godoro sakafuni. Siku ya mwaka mpya wa 1986 wafungwa waliasi, wakawakamata askari, na wenzao watatu wakauawa kabla ghasia hazijatulizwa. Mwaka huohuo mahakama kuu ya jimbo iliamua kwamba kumfungia binadamu katika chumba cha kiasi hicho ni adhabu ya kikatili inayokatazwa na katiba, na uamuzi huo ndio ulioliandalia gereza mwisho wake. Wafungwa walisema, tena wakiwa hai, kwa lugha inayoeleweka, mbele ya majaji, na maneno yao yakaandikwa. Mtu anayekesha humo akiomba neno moja kutoka redio yenye kukwaruza amekwenda kutafuta sauti mahali ambapo haipo, na ameiacha palipo nayo.

Mansfield ni hivyohivyo, na pengine zaidi. Gereza hilo lilianzishwa kwa ajili ya vijana waliokosa kwa mara ya kwanza, kwa nia ya kuwarekebisha na kuwafundisha kazi, na jengo lake lilifanywa zuri kama kanisa ili liwainue moyo. Nia hiyo ilizama katika msongamano. Mwaka 1978 ilifunguliwa kesi kwa niaba ya wafungwa kulalamikia hali yao, na kesi hiyo ndiyo iliyozaa amri ya kulifunga. Zaidi ya watu 200 walifia humo, na karibu na gereza yapo makaburi ambayo alama zake ni namba. Lakini wawindaji wa mizuka humtafuta nani hasa? Humtafuta mke wa mkuu wa gereza, aliyekufa mwaka 1950 baada ya bastola kufyatuka nyumbani kwao, na husema wananusa manukato yake ya waridi. Huyo ana jina, ana sura, ana chumba chake. Nami simdharau, kifo chake kilikuwa msiba kama misiba mingine. Ila kijana aliyekufa kwa kifua kikuu, akazikwa chini ya namba, hata katika hadithi za mizuka hakupandishwa cheo: amebaki kivuli, kikohozi, kitu cha kumshtua mgeni ngazini. Ndiyo maana nasema kifungo kinaendelea, pamoja na tabaka zake.

Nitajibiwa kwamba fedha hizo ndizo zilizoyaokoa majengo. Hili si pingamizi dogo, na ni kweli kwa sehemu kubwa. Mansfield lilikuwa libomolewe. Wapenzi wa historia walilinusuru katika miaka ya 1990, filamu ya The Shawshank Redemption iliyopigwa humo ikaleta watalii, na makesha ya mizuka yakaongeza kipato cha kuezeka mapaa. Kufa kufaana, wahenga hawakukosea. Lakini fedha zina njia zaidi ya moja. Liko gereza la Eastern State mjini Philadelphia, lililofunguliwa mwaka 1829 kwa mfumo wa kumtenga kila mfungwa peke yake. Alipotolewa seli alifunikwa uso asimwone mwenzake wala asionwe. Mwandishi Charles Dickens alilizuru mwaka 1842 akatoka akiulaani mfumo huo waziwazi. Lilifungwa mwaka 1971. Gereza hili nalo lilianza mwaka 1991 kuuza hofu ya usiku wa Halloween, waigizaji wakiruka gizani, na fedha zikaingia kwa wingi. Tofauti yake ni kwamba wasimamizi hawakuishia hapo. Mwaka 2014 walisimamisha uwanjani grafu ya chuma ya futi 16 inayoonyesha jinsi idadi ya wafungwa wa Marekani ilivyopanda, na mwaka 2016 wakafungua maonyesho juu ya magereza ya leo. Mwaka 2021 hata yale maigizo ya hofu waliyabadili jina na sura. Kisiwa cha Robben huko Afrika Kusini hakikuhitaji mzuka hata mmoja. Tangu kilipofanywa makumbusho mwaka 1997, wageni wameongozwa na watu waliofungwa humo wenyewe, na meli hujaa. Nani basi atasema kwamba jengo la gereza haliwezi kujilisha bila kumdhalilisha marehemu?

Wengine watasema: vijana hawaji kwa ajili ya historia, waacheni waje kwa ajili ya mzuka, historia wataikuta ndani. Ningekubali kama ingekuwa inakutwa. Anayeingia saa tatu za usiku, taa zimezimwa, moyo unadunda, hasomi kibao cha ukutani, na mwongozaji anayelipwa kumtia hofu hana faida ya kumweleza kuhusu bajeti ya jimbo, uhaba wa wakili, au daktari mmoja kwa mamia ya wagonjwa. Tena hadithi ya mzuka ina sharti lake: mfungwa lazima awe wa kutisha. Hawezi kuwa mwizi wa kuku. Hawezi kuwa mtu aliyesingiziwa. Hadithi humfanya kila aliyepita mle kuwa muuaji mwenye kisu, na kijana akitoka na picha hiyo kichwani hatashangaa akisikia kwamba nchi ileile leo ina watu takriban milioni 2 gerezani, wala hatauliza wangapi wamo katika upweke uliompa Dickens uchungu. Umoja wa Mataifa, katika Kanuni za Nelson Mandela za mwaka 2015, umekataza kumtenga mfungwa peke yake zaidi ya siku 15 mfululizo. Kanuni hiyo inahitaji watu wa kuisimamia, na watu hao hawapatikani kwa kukimbizana na vivuli.

Na wako watakaosema, kwa ukali, kwamba wale walikuwa wahalifu, hawastahili huruma hii. Wengine walikuwa wahalifu kweli, tena wabaya. Hao basi wana watu waliowadhulumu, na watu hao wana wajukuu walio hai. Kumfanya muuaji kuwa nyota wa usiku, aitwe kwa jina na kushangiliwa akigonga bomba, ni kuwatonesha jamaa wa aliyeuawa, ambaye mizuka yake hakuna anayeiuzia tiketi. Ukali huo, kama ni wa kweli, ungeanzia hapo.

Sisi wa huku tusidhani tumesalimika. Ngome ya Yesu ya Mombasa ilikuwa gereza la serikali tangu 1895 hadi 1958, na walinzi wake wa leo wanajua mambo ya kuwaeleza wageni bila kuzima taa. Kisiwa cha Changuu, mkabala na Mji Mkongwe wa Unguja, kinauzwa kwa watalii kama kisiwa cha gereza ingawa jengo lililokusudiwa jela katika miaka ya 1890 liliishia kuwa karantini ya wagonjwa. Nchi yenye historia nene namna hii haina haja ya kuongeza chumvi. Siku mfanyabiashara atakapokuja na wazo la kulaza wageni katika boma kuukuu au jela ya kikoloni ili wasikie vilio, namwomba mwenye kutoa kibali alikatae. Nanyi wasomaji, hasa mlio na watoto Marekani, mkienda Mansfield au Moundsville nendeni mchana. Ombeni kuonyeshwa daftari la wafungwa. Ulizeni huyu alifungwa kwa kosa gani, alikuwa na umri gani, alitoka lini, na kama hakutoka, alizikwa wapi na chini ya namba ipi. Kisha mkirudi nyumbani ulizeni maswali hayohayo juu ya gereza lililo karibu nanyi, ambalo bado lina watu.