Timu ya Watu Iendeshwe kwa Daftari



Wako wenzetu watakaouliza kwa nini gazeti la chama linazungumza habari za mpira wakati mishahara iko chini na bei za vitu dukani ziko juu. Swali hilo ni la haki. Tunajibu hivi: fedha inayoendesha mpira inatoka mifukoni mwetu, na mchezaji anayelipwa mshahara ni mfanyakazi kama sisi. Tukinyamaza juu ya fedha yetu na juu ya mfanyakazi mwenzetu, basi tutasema juu ya nini?

Tangu zamani za babu zetu, vijana wa West Nile walipanda magari kwenda kukata miwa Kakira na Lugazi. Wengi wetu tulizaliwa katika kambi hizo, au tuna ndugu waliobaki huko. Kwa hiyo timu ya Onduparaka ilipopanda ligi kuu mwaka 2016, haikupanda kwa watu wa Arua peke yao. Ni timu iliyoanzishwa mwaka 2011 mtaani, pembeni mwa mji. Miaka mitano baadaye ilikuwa ikicheza na KCCA, Vipers, Villa na Express. Uwanja wa Green Light ulijaa. Watu walitoka Koboko, Maracha na Yumbe, wengine juu ya lori, wengine kwa bodaboda. Huku mashambani tulizunguka redio moja watu ishirini, na mtu wa kabila lolote aliyekuwa karibu alishangilia pamoja nasi.

Mwaka 2023 timu ile ile ilishuka daraja. Miaka saba ya ligi kuu ikaisha.

Baada ya msiba kila mtu ana maelezo yake. Mmoja anasema ni waamuzi. Mwingine anasema ni uchawi. Wa tatu anasema ni kocha. Hebu tulitazame hili la kocha. Msimu wa kwanza katika ligi kuu timu ilikuwa chini ya Livingstone Mbabazi, na ilisumbua wakubwa. Baada yake tuliwaona wengine, miongoni mwao Asaph Mwebaze, Leo Adraa na Vialli Bainomugisha. Hawa wote ni watu wanaojua kazi yao. Lakini sisi wa viwandani tunajua jambo moja: ukibadilisha meneja kila mara, kila mmoja anakuja na mtindo wake na watu wake, na yule fundi aliyekwisha kuizoea mashine anawekwa kando. Mwishowe mashine inaharibika, na meneja wa mwisho ndiye anayepewa lawama zote. Kumfukuza kocha ni rahisi kwa sababu hakuhitaji hesabu. Kufungua daftari ndiko kugumu.

Basi tupige hesabu wenyewe. Huu ni mfano tu, si hesabu ya klabu yoyote. Chukua wachezaji 25 na walimu na wasaidizi 5. Kila mmoja apewe shilingi 500,000 kwa mwezi, mshahara ambao si mkubwa. Hiyo ni milioni 15 kwa mwezi. Kwa msimu wa miezi kumi ni milioni 150. Ligi ikiwa na timu 16, kila timu inacheza ugenini mara 15. Kutoka Arua hadi Kampala ni karibu kilomita 500, na timu nyingi ziko upande huo. Basi, mafuta, chakula na malazi, tuseme milioni 5 kila safari. Hiyo ni milioni 75. Jumla ni milioni 225.

Sasa tuangalie mlangoni. Mechi za nyumbani nazo ni 15. Wakiingia watu 3,000 kwa shilingi 5,000, kila mechi inaleta milioni 15, na jumla ni milioni 225. Imetosha kamili! Lakini haikubaki hata shilingi ya kumtibu mchezaji aliyevunjika mguu. Na timu ikifungwa mara tatu mfululizo na nusu ya watu wakakaa nyumbani, pengo ni zaidi ya milioni 112. Nani atalijaza?

Kisha ukaja ugonjwa wa korona. Mwezi wa Machi 2020 michezo ilisimamishwa, na iliporudi mashabiki walizuiwa kuingia. Klabu inayokula mlangoni ilifungiwa mlango. Mwenye kampuni au taasisi nyuma yake alivumilia. Mwenye watu tu nyuma yake, na watu wenyewe hawaruhusiwi kuingia, alivumilia kwa shida.

Wako wanaosema dawa ni tajiri. Tajiri tumemwona palepale Arua. Klabu ya Arua Hill iliingia ligi kuu mwaka 2021 ikiwa na mwenyewe, mhandisi Joel Aita, na uwanja wake ulikuwa Barifa. Mji mmoja ukawa na timu mbili za ligi kuu, na sisi tulifurahi. Lakini katika msimu wa 2023/24 timu hiyo ilishindwa kufika katika baadhi ya mechi zake, ikaondolewa katika ligi kuu. Hatumlaumu mtu aliyetoa fedha yake. Tunasema tu kwamba timu iliyosimama juu ya mfuko mmoja husimama kadiri mfuko ule unavyosimama.

Na jambo hili si la Arua peke yake. Wazee wanaikumbuka klabu ya benki ya UCB, bingwa wa Uganda mwaka 1979. Leo klabu haipo, na benki yenyewe iliuzwa kwa Stanbic mwaka 2002. Tajiri akiwa mtu, akiwa benki, akiwa kiwanda, ana shughuli zake. Siku shughuli zikibadilika, mpira ndio unaokatwa kwanza.

Tuje kwenye jambo la kuuza wachezaji. Mshambuliaji Muhammad Shaban aliondoka Onduparaka kwenda KCCA mwaka 2017, na mwaka 2018 akaenda Raja Casablanca kule Moroko. Tulijivuna. Lakini wafanyakazi wachache wanajua sheria ya FIFA juu ya uhamisho wa nchi hadi nchi. Mchezaji akiuzwa nje kwa fedha kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya fedha hiyo inagawanywa kwa klabu zote zilizomlea tangu miaka 12 hadi 23. Kila mwaka kuanzia umri wa miaka 16 una thamani ya nusu ya asilimia moja. Yaani klabu iliyokaa na kijana miaka miwili ya umri huo, naye baadaye akauzwa kwa milioni 100, inastahili milioni 1. Akiuzwa kwa bilioni moja, inastahili milioni 10. Lakini ili uipate lazima uonyeshe kwamba kijana aliandikishwa kwako, tarehe gani hadi tarehe gani. Klabu isiyo na karatasi inalima, wengine wanavuna.

Hapa tunataka kukiri jambo letu. Miaka iliyopita, katika kiwanda kimoja ambacho hatutakitaja, sisi wenyewe tulianzisha timu. Kila siku ya mshahara kila mtu alikatwa shilingi 2,000. Tulimchagua mweka hazina, mtu mwema, mchangamfu, anayependwa na wote. Hakuna aliyemwomba stakabadhi, kwa sababu kumwomba rafiki stakabadhi tuliona ni kumtukana. Baada ya mwaka mmoja tulitaka kununua jezi. Fedha haikutosha hata viatu vya golikipa. Yeye alisema ilikwenda kwenye safari na chai ya waamuzi. Labda ni kweli. Hatukuweza kumtetea wala kumshitaki, kwa kuwa hapakuwa na maandishi. Timu ikafa, na urafiki ukafa. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Tulikuwa tukiusema msemo huo kila siku, lakini hatukuufuata.

Kwa hiyo hatumshitaki kiongozi yeyote wa Onduparaka, wala hatusemi kwamba kuna aliyeiba. Tunasema kwamba kila linapozuka neno la kuifufua timu, kofia huzungushwa, na sisi wa viwandani na mashambani ndio tunaotoa kwanza. Safari hii tutoe, lakini kwa masharti.

Kwanza, anayetoa aandikwe mwanachama na apewe stakabadhi, hata kama ametoa shilingi 1,000.

Pili, mara moja kwa mwaka uitwe mkutano mkuu, hesabu zisomwe kwa lugha tunayoisikia: kiasi gani kimeingia mlangoni, kiasi gani kimetoka, nani anadai.

Tatu, kila mchezaji awe na mkataba wa maandishi, naye akae na nakala yake. Kijana asiyelipwa miezi mitatu hawezi kukimbia dakika tisini. Kumwambia acheze kwa ajili ya mapenzi ya kwao ni maneno yale yale ambayo nyapara hutuambia sisi.

Nne, kocha apewe muda uliotajwa katika mkataba, na asifukuzwe kwa kelele za Jumapili moja.

Tano, vijana wa mitaani na wa shuleni waandikishwe mapema. Fedha ya kununua wachezaji wa mbali hatuna. Vijana tunao.

Mtu atasema masharti haya ni mengi kwa timu ya mtaa. Sisi tunasema chama cha wafanyakazi nacho kilianza na watu wachache chini ya mwembe, na kilichokifanya kisimame ni kitabu cha ada na mkutano usioahirishwa. Onduparaka ilionyesha kwamba watu wa kawaida wanaweza kuipandisha timu hadi ligi kuu bila benki na bila kiwanda. Kazi hiyo ilikwisha kufanyika, hatuna haja ya kuithibitisha tena. Iliyobaki ni kazi ya kalamu.

Basi, ndugu, kofia itakapofika kwenye kambi yenu, msiipitishe bure. Wekeni mchango wenu ndani, kisha mwulizeni aliyeishika: daftari liko wapi?