Njia ya misafara na haki ya wapagazi

Wageni wanaozuru mwambao wetu siku hizi hawatosheki na fukwe na mahoteli. Wapo wanaopenda kwenda kwa miguu katika njia za kale zilizotoka Bagamoyo, Sadani na Pangani kuelekea bara, wakifuata nyayo za Wazungu wa mwanzo. Mwaka 2006 njia kuu ya biashara ya pembe na watumwa, ya kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, iliingizwa katika orodha ya Tanzania ya mahali panapotarajiwa kuombewa hadhi ya Urithi wa Dunia. Jambo hilo tunaliunga mkono. Shaka yetu ni moja tu: nani atakayetajwa njiani?

Sisi wa visiwani tuna haki ya kuuliza. Burton na Speke mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871, wote walianzia Unguja. Hapa ndipo waliponunua merikani, ushanga na masango, na hapa ndipo walipoajiri watu. Mzigo wa mpagazi ulikuwa wa karibu ratili 70, yaani frasila mbili, nao ulibebwa kwa miezi mingi katika jua, mvua na ndui. Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, Susi, Chuma na wenzao waliuchukua mwili wake zaidi ya maili 1,000 hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Jina la maiti linajulikana dunia nzima. Majina ya wengi waliombeba hayajulikani hata kwetu.

Kisha akaja Karl Peters. Novemba 1884 alivuka kutoka Unguja hadi Sadani, akapanda Usagara, na kwa majuma machache tu akarudi na karatasi alizoziita mikataba, zilizotiwa alama na wakuu wasiojua lugha iliyoandikwa. Februari 1885 Serikali ya Ujerumani ikazipa nguvu karatasi hizo, na Agosti mwaka ule ule manowari zake zikatia nanga mbele ya kasri la Seyyid Barghash. Basi njia hii mgeni asiitembee kama bustani. Ndiyo iliyopitisha minyororo ya watumwa, tena ndiyo iliyopitisha ukoloni. Mwaka 1888, Kampuni ya Kijerumani ilipojaribu kushika hatamu za pwani, Abushiri bin Salim aliinuka Pangani na Bwana Heri akainuka Sadani. Abushiri alinyongwa Desemba 1889. Atakayepitishwa Pangani asiambiwe habari hii amedanganywa, japo amelipa ada yake yote.

Wakubwa wanaohusika, wa Bara na wa Visiwani, hawana budi kukaa pamoja kabla vibao havijasimikwa. Nyaraka zilizopo Kilimani zichambuliwe, na majina ya wapagazi yatakayopatikana yaandikwe kwa Kiswahili, tena juu, si chini ya majina ya mabwana zao. Waongozaji wawe vijana wa vijiji vyenyewe, waliofunzwa historia hiyo barabara. Tena katika kila ada itakayotozwa, fungu la kijiji litengwe na kutangazwa hadharani, mwenye kijiji alijue kwa hesabu, asilisikie kwa uvumi.