Mtu wa Mlima Hali Samaki? Wacha Hizo

Kila Desemba ni ile ile. Msee wa Nyeri anapanda SGR, anafika Mombasa, na siku ya kwanza tu ametupostia samaki wa kupaka, eti "huku ndio watu hula". Akirudi nyumbani, mwambie mwende mkale samaki hapa mjini. Atakunja uso kama umemwambia mle sabuni. "Sisi watu wa mlima hatuli samaki, bro."

Hiyo sentensi imenichosha.

Ni kweli, Wakikuyu wa zamani hawakuwa na mambo ya samaki. Kuna shosho wengi ambao mpaka leo ukiweka omena mezani wanahama meza, na mimi sigombani na shosho wa mtu. Lakini wewe una miaka 21. Unakula shawarma. Unakula smokie pasua saa tano usiku kando ya barabara na huulizi maswali. Piza ilitoka kwa guka yupi? Mbona mila inaamka tu samaki akitokea?

Na si eti samaki ni mgeni huku. Trauti aliletwa na Waingereza mwaka 1905 na kuachiliwa katika mto Gura, kule Aberdare. Maji baridi ndiyo anayopenda, kwa hivyo akakaa. Waliomleta walitaka kuvua kwa starehe, si ili wewe na mimi tule, na naona hiyo fikra tuliirithi bila kuuliza. Hadi leo, ukienda Nanyuki utapita mkahawa wa Trout Tree, uliojengwa juu ya mti wa mugumo, mabwawa ya trauti yakiwa hapo hapo chini. Watalii wanasimama. Sisi tunapita na matatu tukienda kutafuta nyama choma.

Sasa tuje kwa ile inayoniuma. Mwaka 2009 serikali ilianza kuchimba mabwawa ya samaki karibu nchi nzima: mabwawa 200 kwa kila eneo bunge, katika maeneo bunge 140. Nyeri ikapewa hata kiwanda cha kusindika samaki, kule Wamagana, Tetu. Ukizunguka vijijini leo, mengi ya hayo mabwawa ni mashimo yenye nyasi na vyura. Serikali ina lawama zake, sikatai. Tilapia ni samaki wa maji ya joto. Ukimweka kwenye baridi yetu anakua polepole mpaka mkulima anakata tamaa, na chakula chake nacho si bei rahisi. Lakini kuna mkulima aliyevumilia hayo yote, akavuna, akapeleka sokoni, akarudi nyumbani na ndoo imejaa. Hapo huwezi kusema ni serikali. Hapo ni mimi na wewe tuliopita tukiziba pua.

"Lakini wa bwawa ananuka matope." Sawa, wengine wananuka. Mkulima anayejua kazi yake humweka samaki kwenye maji safi siku kadhaa bila kumlisha kabla ya kumuuza, na ile harufu inapungua sana. Muulize muuzaji. Ni mdomo tu.

Halafu wacheni kufikiria samaki mzuri lazima awe na kitambaa cheupe mezani. Kuna hoteli moja hapa mjini, siitaji, iliniuzia kipande cha samaki kwa bei ya kiatu. Kilikuwa na ladha ya friji. Nilipomuuliza mhudumu samaki ametoka wapi, alisema "jikoni". Na hilo swali ni la maana, kwa sababu samaki wa barafu kutoka China wameuzwa mpaka Kisumu, penye ziwa kabisa.

Samaki ambaye sitamsahau nilimla kwa kibanda nyuma ya stage, Julai, ile baridi yetu yenye manyunyu. Tulikuwa wanne, tumejibana kwa benchi moja. Mathe alituonyesha tilapia wakiwa wabichi, tukachagua, akawachanja ubavuni, akapaka chumvi na kuwatosa kwa karai. Dakika arobaini za kungoja, na moshi wote ukija upande wetu. Wakaja na ugali moto, managu, kachumbari ya pilipili na ndimu nusu. Ngozi ikilia kwa meno, nyama ndani bado laini. Hakuna aliyeshika simu, vidole vilikuwa na mafuta. Mmoja wetu alikuwa "mtu wa mlima", alisema yeye atakula ugali na mboga tu. Akaanza kwa kuchovya mchuzi. Mwishowe ndiye alikuwa ananyonya kichwa, na ukijaribu kumsemesha anakuonyesha mkono, ngoja kwanza.

Tulilipa pesa ambayo haingetununulia hata nusu kilo ya mbuzi kila mtu.

Huyo mathe anaweza kupika samaki kumi kwa siku au mia moja. Inategemea nani ameketi kwa hiyo benchi. Na akinunua mia, kuna mtu Tetu au Mukurwe-ini atarudisha maji kwenye bwawa lake.

Ijumaa jioni nitakuwa hapo na mbogi yangu. Wale wakubwa huisha kabla ya saa moja, kwa hivyo usije saa mbili ukiuliza kama kuna chipsi.