Mkataba wa Mwalimu wa Timu Usiwe wa Mdomo

Novemba 2023, siku chache baada ya Simba kufungwa na Yanga mabao 5 kwa 1, klabu hiyo iliachana na mwalimu wake, Mbrazili Roberto Oliveira. Mwaka mmoja baadaye Yanga nayo ikaachana na Miguel Gamondi, ikamchukua Sead Ramovic, naye Ramovic mwanzoni mwa Februari 2025 akafunga virago kwenda Algeria. Septemba 2025 ikawa zamu ya Fadlu Davids kuiacha Simba na kwenda Morocco. Kila mara wapenzi wa mpira walibishana juu ya mabao na vikosi. Wachache mno waliuliza karatasi zilizotiwa saini zilikuwa zimesema nini kuhusu siku ya kuachana.

Swali hilo huonekana kuwa la wakubwa wa Dar es Salaam. Sisi twaona ni la Kagunga pia, na pengine huko lina uzito zaidi. Kagunga iko kaskazini kabisa mwa mwambao wetu, mpakani na Burundi, milima mgongoni na ziwa usoni. Dunia iliisikia mwaka 2015, wakimbizi walipofurika ufukweni na meli ya Liemba ikawa ndiyo ya kuwachukua kuwaleta Kigoma. Maisha ya pale yanafanana na ya kisiwani. Mgonjwa, mwalimu, askari na timu ya mpira wote wamezoea kupita majini, na haya tunayoyasema ndugu zetu wa Ukerewe, Mafia na Pemba watayaelewa bila kufafanuliwa.

Aghalabu mapatano hufanyika hivi. Wazee wa timu humwendea kijana aliyewahi kucheza mjini, au mwalimu wa shule ya msingi mwenye moyo wa michezo, wakamwomba awashike vijana. Akiuliza malipo huambiwa, "Tutakuangalia." Ni neno la heshima, na wengi wanaolisema hawana nia mbaya. Lakini halina siku, halina kiasi, wala halina mwisho. Timu ikishinda, kila mtu hudai ndiye aliyemleta mwalimu. Ikifungwa mara tatu, mtu mwingine huonekana uwanjani na filimbi shingoni, na yule wa kwanza hupashwa habari na watoto kwamba ameachishwa.

Wapo wasemao kwamba kuandikiana baina ya ndugu ni dalili ya kutoaminiana. Sisi tuliopita chuoni kabla ya shule ya Serikali tulifundishwa mapema kwamba aya ndefu kuliko zote katika Kurani Tukufu, ya 282 ya Sura Al-Baqara, inahusu kuandikiana deni, dogo kwa kubwa, mbele ya mashahidi. Hoja ya udugu, basi, haina mashiko.

La kwanza la kuandikwa ni malipo, na hapa mkataba wa mjini haufai kunakiliwa kama ulivyo. Mkataba wa mjini husema "kila mwisho wa mwezi". Kando ya ziwa letu fedha haiji mwisho wa mwezi. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, vyombo hupumzika na mifuko hukauka. Tena mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaana. Mwalimu ambaye mshahara wake ni mchango wa wavuvi atalipwa nini katika miezi mitatu kama hiyo? Kama ni nusu, iandikwe nusu. Kama hakuna kitu na mazoezi yanasimama, hilo nalo liandikwe, naye ajue mapema kwamba atatafuta kibarua kingine. Siku ya malipo iwekwe baada ya giza kwisha, si tarehe 30 isiyo na maana yoyote kwa mwenye mtumbwi.

La pili ni nani anayepanga kikosi. Ugomvi mwingi huanzia hapa, ingawa watu huona haya kuutaja. Aliyenunua jezi hutaka mwanawe acheze. Aliyetoa mafuta ya injini naye ana mpwa. Maadamu mwalimu ndiye atakayelaumiwa timu ikifungwa, karatasi iseme wazi kwamba kupanga wachezaji ni kazi yake peke yake. Kwa upande wake, aandikiwe siku za mazoezi kwa wiki, na matokeo ambayo kwayo atapimwa. Kumwambia mtu "tuletee ushindi" si kumpa kazi.

Kisha nauli. Timu ikialikwa Mwamgongo au Kigoma mjini, nani analipa chombo? Nani anahakikisha kila kijana ana boya la kujiokolea? Nani mwenye kauli ya mwisho kusema leo ziwa limechafuka, hatuendi? Twapendekeza kauli hiyo apewe mwalimu kwa maandishi, na mchezo uliopotezwa kwa sababu hiyo usihesabiwe kuwa kosa lake. Na kwa kuwa wengi wa wachezaji hao hawajatimiza miaka 18, mzazi atie saini yake pia, na mwalimu asisafiri na mtoto mmoja peke yao.

Liko jambo jingine lisilojulikana sana. Mkoa huu umetoa wachezaji wa sifa, mlinda mlango Juma Kaseja akiwa mmoja wao, na tangu 2023 Mashujaa wanaucheza mpira wa Ligi Kuu katika Uwanja wa Lake Tanganyika. Kwa hiyo walimu wa vijijini huota kwamba siku moja kijana wao atauzwa nje nao watapata fungu, na wengine hutaka fungu hilo liandikwe. Halifai. FIFA ilipiga marufuku mwaka 2015 mtu wa pembeni kumiliki sehemu ya fedha za uhamisho wa mchezaji. Kinachoruhusiwa ni klabu zilizomlea, kuanzia umri wa miaka 12 hadi 23, kugawana asilimia 5 ya fedha hizo mchezaji anapouzwa kwenda nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha. Klabu hupata kama ilimsajili, si kama iliwahi kumwona akicheza ufukweni. Mwalimu aandikiwe kifuta jasho kinachojulikana kwa kila msimu, nayo klabu isajiliwe na kusajili vijana wake.

Kuhusu kuachana, mfano upo. Tangu Januari 2021 kanuni za FIFA zina sehemu maalumu kwa walimu wa klabu za kulipwa na timu za taifa. Mkataba uwe wa maandishi. Klabu isipolipa mishahara ya miezi miwili, mwalimu aweza kuikumbusha kwa barua, akaipa siku 15, kisha akaondoka bila lawama. Wala klabu haiwezi kutia saini leo, kesho ikadai mkataba ni batili kwa sababu mwalimu hana leseni au kibali cha kazi. Ilipaswa kuchunguza kabla. Tuliopakana na Burundi tuliangalie sana hilo la kibali.

Kagunga haina timu ya kulipwa, lakini sheria ya nchi inayo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya maandishi: kazi yenyewe, mahali, saa, malipo, siku ya kuanza na muda wa mkataba. Anayelipwa kwa mwezi apewe notisi isiyopungua siku 28. Shauri likifika mbele na mwajiri akakosa karatasi, ni juu yake kuthibitisha kile kilichokubaliwa. Viongozi wa timu wanaodhani kwamba ukimya unawalinda wakisome kifungu cha 15. Na yule anayejitolea bila mshahara, ambaye sheria hiyo haimgusi, ndiye hasa anayehitaji kuandikiwa, kwa kuwa hana kinga nyingine.

Tunamwomba Afisa Michezo wa Halmashauri ya Wilaya ya Kigoma aandae karatasi ya ukurasa mmoja yenye mambo haya, kwa Kiswahili chepesi, ziwepo nakala katika ofisi ya kila mtendaji wa kijiji kuanzia Mtanga hadi Kagunga, na mtendaji awe shahidi. Ada isitozwe. Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na katika siku hizo huhesabiwa hata zile ambazo chombo hakikuweza kuondoka Kagunga. Kwa hiyo karatasi hiyo iwe na mstari mmoja zaidi: jina la mtu wa karibu, kijijini au katani, ambaye pande mbili zimekubali awapatanishe kabla yeyote hajapanda boti.