Jina la Nani Liandikwe?

Wako watu wadhanio kwamba programu huria za kompyuta, yaani zile ambazo maandishi yake yako wazi kwa kila mtu kuyasoma, kuyarekebisha na kuyagawa, hutungwa na vijana wanaojitolea usiku bila ujira. Dhana hiyo ilikuwa na ukweli mwaka 1991, Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alipoitoa Linux kwa mara ya kwanza. Leo kiini cha Linux ndicho kiendeshacho hata simu za Android zilizo mikononi mwa wanafunzi wetu, na sehemu kubwa ya kazi yake hufanywa na waajiriwa wa makampuni kama vile Intel, Google na Red Hat.

Mimi sioni aibu katika jambo hilo. Fundi naye hula. Ninalolipinga ni desturi ya kuyapanga makampuni kwa idadi ya marekebisho yaliyoletwa na watu wake, kana kwamba hiyo ndiyo mizani ya heshima. Rekebisho moja laweza kuwa herufi iliyokosewa, na jingine jasho la miezi sita. Tena yule akaguaye kazi za wenzake na kuzikataa zilizo mbovu, huenda asionekane kabisa katika hesabu hiyo.

Watu wa Linux wenyewe wana utaratibu ulio bora kuliko orodha hizo. Kila badiliko hubeba jina la mtu aliyeliandika, na tangu mwaka 2004 hutiwa sahihi na kila aliyelipitisha. Chini yake pana nafasi ya majina ya aliyegundua kosa, aliyekagua na aliyejaribu. Thamani ya jambo hili niliijua nilipokuwa ng'ambo nikisomea shahada ya udaktari. Nilipeleka rekebisho la mistari mitatu katika programu nyingine, ndogo, ya takwimu. Mtu nisiyemjua alinirudishia mara nne, kila mara akinionyesha kosa jipya. Lilipokubaliwa, jina lililoandikwa lilikuwa langu peke yangu. Lake halikuwa na mahali pa kuwekwa.

Kazi isiyoonekana hainyimwi jina tu, hunyimwa na fedha. Mwezi Aprili 2014 lilitangazwa kosa liitwalo Heartbleed katika OpenSSL, programu ihifadhiyo siri za mawasiliano kwenye intaneti. Kosa hilo lilikuwa limekaa humo kwa miaka miwili, na programu yenyewe ilitumiwa na makampuni tajiri kupindukia. Hata hivyo, michango iliyopatikana ilikuwa kama dola 2,000 kwa mwaka, na mtu mmoja tu ndiye aliyeishughulikia muda wote! Ndipo makampuni kadhaa, zikiwemo Google, Microsoft na Facebook, yalipoahidi kutoa dola 100,000 kila moja kwa mwaka, kwa miaka mitatu. Vema, lakini maji yaliletwa nyumba ikiwa imekwisha kuungua.

Kwa hiyo kampuni itakayo sifa yapasa itangaze pia saa ngapi watu wake wametumia kukagua na kutunza kazi za wengine. Nasi walimu twaweza kuanza darasani: kikundi cha wanafunzi kiletapo programu yake, kiandike jina la aliyeijaribu na la aliyegundua makosa, nao wapewe alama zao.